Mzighe wa Wakesho

Mbegu haikuingia.

Saru aliigeuza upande, akaijaribu kwa ncha, akaijaribu kwa kitako, kisha akaisukuma kwa kidole gumba mpaka mdomo mkavu wa yule ndege ukalia kama bawaba ya kabati kuukuu. Akaacha. Hondohondo huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuonekana katika milima ya Taita. Alikufa kabla Saru hajazaliwa, na tangu hapo alikuwa amekaa ndani ya kioo kwenye ukumbi wa kituo cha kuhifadhi miti, macho ya shanga, manyoya yakiliwa na nondo kidogokidogo. Kumvunja taya kwa ajili ya maonyesho ya watoto wa shule kungekuwa aibu ya mwaka.

Nia yake ilikuwa njema. Hii ilikuwa wiki yake ya mwisho kabla ya kuhamishiwa milima ya Cherang'ani, naye alitaka kuwaachia watoto wa Wundanyi kitu cha kuwakumbusha: ndege, mbegu ya mzighe mdomoni, na maneno machache ya maelezo chini yake. Maneno yenyewe yalijulikana na kila mtu kituoni. Mzighe una mbegu kubwa kuliko mti wowote wa milima hii, kubwa kupita yai la bata. Hondohondo alikuwa akimeza tunda, akiruka, akienda kuitema mbegu kwingine. Hondohondo walipokwisha, mzighe ukakosa wa kuubeba. Saru alikuwa ameyasema hayo mbele ya wageni mara nyingi mno, hata asingeweza tena kuyasikia akiyasema.

Akachukua mbegu nyingine kapuni. Nayo ikakataa. Ya tatu hata ncha haikupita. Alipekua kapu zima mpaka akapata moja iliyodumaa, iliyokunjamana kama uso wa mtoto njiti, na hiyo ndiyo iliyoteleza mdomoni bila taabu.

"Unamlisha marehemu?" Mwadime aliuliza akiwa mlangoni. Mwadime ndiye aliyesimamia chanjo za miti pale kituoni, mtu mrefu asiyeweza kupita mahali bila kuacha mzaha. Mkononi alibeba kikasha cha baridi, na ndani ya kikasha mlikuwa na kichupa kimoja tu.

"Njoo uone. Hazimwingii."

"Amekauka. Hata wewe ukikauka miaka arobaini utakataa ugali."

"Mfupa haupungui kiasi hicho, Mwadime. Nimempima. Hata angekuwa hai, hata angekuwa na njaa ya mwezi mzima, asingeweza kuimeza mbegu hii."

Mwadime akaweka kikasha mezani, akaijaribu mbegu mwenyewe, kwa kuwa ni mwanamume na hawezi kuamini mpaka ajaribu. Ikamshinda. Akaipima tena kwa jicho, akairudisha kapuni.

Saru alikuwa amekwisha kugeukia ukuta wa skrini. Akauwasha, ramani ya milima ikajitandaza kwa rangi za joto. Chini kulikuwa na wekundu, katikati manjano, na huko juu kabisa kileleni palibaki kijani chembamba kama utepe. Huo ndio ulikuwa mkanda wa baridi. Kila mwaka ulipanda juu kidogo, na mlima hauna ngazi ya kuongezea. Miti yote iliyohitaji ukungu ilikuwa imebanwa mle. Vyandarua vya kunasa ukungu vilitundikwa kila mteremko, lakini chandarua hunasa kilichopo tu. Saru aliiamuru ramani imwonyeshe kila mzighe uliopata kujulikana, uliokufa na ulio hai, na vitone vikatokea, makundi makundi, kandokando ya fighi zote. Fighi ndiyo misitu ya ulinzi ya Wadawida, wenyeji wa milima hii, isiyokatwa wala kuchomwa moto. Vitone hivyo Saru alivijua kama vidole vyake. Siku zote alisema vinafuata matuo ya ndege.

"Nionyeshe mahame," aliiambia ramani.

Maboma ya zamani, yaliyohamwa miaka mia, miaka mia mbili iliyopita, yakajitokeza kwa rangi ya majivu. Kila kundi la vitone lilikuwa na hame lake. Hapakuwa na mzighe hata mmoja uliokaa mbali kupita umbali ambao mwanamke mwenye mtoto mgongoni angeutembea kabla jua halijawa kali.

Saru akakaa chini. Hakuhitaji kuambiwa zaidi, maana desturi hiyo alizaliwa nayo. Mtoto akizaliwa na kitovu kikaanguka, mama huingia fighi, hutafuta mbegu za mzighe zilizodondoka, na hupanda moja pembeni mwa msitu kwa jina la mtoto. Na ni mama gani atakayempandia mwanawe mbegu duni? Huchagua iliyo nene kuliko zote. Kizazi kinachofuata huchagua iliyo nene katika zile nene. Hivyo hivyo, mama baada ya mama, mpaka mbegu zikawa kubwa kuliko mdomo wowote wa kuzibeba.

"Sisi ndio tuliozinenepesha," alisema. "Hondohondo hakuuacha mzighe. Sisi tulimnyang'anya. Mbegu ikinenepa haiendi mbali, Mwadime. Huanguka chini ya mama yake. Mti wenyewe tumeufanya usiweze kwenda popote pasipo sisi."

Mwadime alifikiri, kisha akagonga kikasha kwa ukucha. "Basi hizo ni habari njema. Wiki nzima unanihuzunikia kwamba chanjo ya kupunguza mbegu itaharibu mti wa Mungu. Kumbe ni mti wa binadamu. Waliokuza na wapunguze."

Saru akauzima ukuta. Alikwenda mpaka chumba cha miche, na Mwadime akamfuata.

Mle ndani meza mbili zilitazamana. Katika ya kwanza, chini ya kitambaa kizito cheusi, ilikaa miche iliyoota kwa mbegu kubwa. Kila mmoja ulikuwa na majani mawili tu, mapana, yenye rangi ya chai ya rangi, na haukuwa umeongeza jani kwa miaka mitatu. Haukuwa mgonjwa. Ulikuwa ukila akiba ndani ya mbegu, polepole, ukingoja mti mkubwa uanguke mahali fulani na jua lipate tundu. Miche ya namna hiyo huweza kungoja kivulini kuliko subira ya mtu yeyote. Lakini mbegu yake ukiikausha imekufa, ukiigandisha imekufa, ukiiweka kabatini mwezi mmoja umeweka uozo. Ndiyo maana hakuna ghala duniani lililoweza kuihifadhi.

Katika meza ya pili, chini ya taa kali, palikuwa na miche ya mbegu zilizopunguzwa kwa majaribio kwenye mizighe ambayo sasa imekufa, mbegu ndogo kama ufuta, kila moja na kinyoya chake cha kurukia. Miche hii ilikuwa myembamba, mirefu, yenye haraka. Ilipenda jua kama mijusi. Ukiifunika kitambaa cheusi juma moja, inalala chini yote. Cherang'ani, kwenye vilele ambako baridi ilikuwa bado imekaa, hapakuwa na msitu wa kuifunika. Palikuwa na nyasi, mawe na jua. Mbegu kubwa ingeungua pale. Mbegu ndogo, ikipandishwa na puto na kumwagwa kwenye upepo, ingeweza kujitafutia ufa wake.

"Hii ni mizighe?" Saru aliuliza, akiugusa mche mmoja mwembamba.

"Damu ni ile ile."

"Haijui kungoja."

"Haina cha kungojea, dada yangu. Chanjo inaliambia ua jambo moja tu: usikawie kufungasha akiba, waache waende." Mwadime alishusha sauti. "Nawe unajua kilichobaki. Mti unaozaa ni mmoja. Una machipukizi ya maua sasa hivi. Sikio linasema hautachanua tena."

Sikio lilikuwa kile kifaa kidogo walichokibandika kwenye gome ili kusikiliza maji yakipanda ndani ya mti. Kwa miezi mingi sasa kilikuwa kikisikia kidogo sana. Na chanjo hairudi nyuma. Mti ukidungwa, hautatoa tena mbegu nene mpaka ufe.

Ukishamfuga mnyama mpaka akasahau kujitafutia, Saru aliwaza, huwezi kumfungulia zizi siku ya njaa na kumwambia uko huru. Aliwaza pia jambo la pili, ambalo hakulisema: mti huo mmoja uliobaki ulikuwa na jina la dada yake.

*

Asubuhi iliyofuata walikuwa watatu ndani ya fighi: Saru, Mwadime, na mama yake Saru, aliyeitwa na mlima mzima Mama Wakesho. Wakesho alikuwa kifungua mimba wake. Aliishi mvua moja tu, lakini mama huitwa kwa mtoto wa kwanza, na jina halikuzikwa pamoja na mtoto. Saru alikua akilisikia jina hilo likiitwa sokoni, kanisani, kisimani, na hakuwahi kuliona kuwa la ajabu mpaka alipokwenda kusoma mbali.

Mama Wakesho alikuja amevaa koti la mvua la kituo, lililokuwa la Saru zamani, ijapokuwa mawingu yalikuwa hayajaonekana tangu Pasaka. Akiulizwa, husema analivaa asije akakutwa na mvua hana adabu.

Wazee wa fighi walikuwa wamekwisha kuridhia mti udungwe, kwa sharti moja la zamani. Chuma hakigusi mti wa fighi mpaka aliyeupanda afanye kutasa. Jambo lenyewe ni jepesi kulitazama. Mtu huchukua funda la maji ya muwa, hulipuliza kwa manyunyu mbele yake, na husema maneno ya kuliombea jambo heri, baada ya kutua hasira yoyote aliyo nayo moyoni. Ugumu wake uko hapo mwishoni. Mwenye hasira akitasa, amelaani.

Mzighe wa Wakesho ulisimama pembeni mwa msitu, mwembamba kiunoni, gome lake limebabuka. Machipukizi yalikuwa yamejaa juu yake, ya kijani, yamefumba. Chini yake zilikuwa zimetapakaa mbegu chache za msimu uliopita, nene, za mwisho.

Mama Wakesho aliuzunguka mti mara moja akiupapasa. Akapokea kibuyu kutoka kwa Mwadime. Akachukua funda, mashavu yakamjaa, akafumba macho mbele ya mti.

Walingoja. Ndege mdogo alilia, akanyamaza. Saru aliona koo la mama yake likipanda, likashuka. Mama Wakesho alikuwa amemeza.

Akamrudishia Mwadime kibuyu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Nisamehe, baba," alisema. "Haikutoka."

Kisha akashika njia ya nyumbani, koti likimpigapiga magotini. Mwadime aliangalia kikasha chake, akamwangalia Saru.

"Maua yakifunguka kabla ya sindano, hatuna kazi tena," alisema kwa upole. "Kesho kutwa, pengine kesho. Zungumza naye. Mimi siwezi kumlazimisha mama aliyezika."

"Wala mimi," Saru alisema. Na ndani yake, katikati ya huzuni, alisikia kitu kama nafuu, akajionea haya kwa nafuu hiyo.

*

Alimkuta jikoni akisonga kimanga, mihogo na maharage, mwiko ukizama na kuibuka. Mama Wakesho hakugeuka. Saru akavua viatu, akakaa kwenye kigoda cha mlangoni ambacho tangu utotoni kilikuwa kiti chake cha kukiri makosa.

"Mama, una hasira."

"Ninayo."

"Nimeamua njiani. Sitaudunga. Nitamwambia Mwadime afunge kikasha chake. Mti wa Wakesho utabaki ulivyo."

Mwiko ukasimama. "Nani kakuambia usidunge?"

"Wewe. Umemeza."

"Nimemeza kwa sababu maneno yangekuwa ya uongo. Nani aliyesema nimemkasirikia Wakesho, au huo mti, au hiyo sindano yenu?"

"Basi hasira ni ya nini?"

Mama Wakesho akanyoosha mwiko kuelekea chumba cha akiba. Mlango ulikuwa wazi. Mle ndani Saru alikuwa amepanga kila kitu mwezi mzima, tena kwa ustadi: magunia ya mahindi na maharage, tangi la maji lenye chujio, dawa za presha zimegawanywa kwa majuma, betri za jua, blanketi mbili mpya. Ukutani ilining'inia bangili ya kumwita mganga, na binti wa jirani alikwisha kukubali kupita kila asubuhi kumjulia hali. Saru alijivunia chumba hicho. Alipokuwa akikipanga aliona kwamba anafanya kila ambalo mtoto mwema hufanya.

"Ya hiyo," alisema mama yake.

"Mama, hivyo ni vyako. Ili usipungukiwe."

"Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakusema lolote juu ya akuachaye, basi nimejionea mwenyewe. Akuachaye hukujazia ghala." Alisema bila kupandisha sauti, na hapo ndipo lilipouma. "Miaka minne, Saru, umehangaika. Mti utaondokaje? Utapitia wapi? Utaishi na nani? Umeuulizia mpaka upepo. Umeusikiliza kwa masikio ya chuma. Mimi nimekaa hapa nakupikia, nangoja siku utakayogeuza shingo uniulize, na wewe mama? Hukuniuliza. Ulinunua blanketi."

Saru aliyatazama magunia kupitia ule mlango.

"Nilidhani huwezi kuondoka," alisema. "Kila mtu anajua. Mama Wakesho haondoki, ana mti wake."

"Kila mtu anajua. Nilikuwa msichana, nikamzika Wakesho chini ya mti wake, nikakaa karibu naye kwa sababu sikuwa na pengine pa kuuweka moyo. Watu wakasema haondoki. Nawe ukayanyonya hayo kwenye ziwa langu mwenyewe. Mti ndio usioondoka, mwanangu. Mimi nina miguu."

"Kule ni baridi. Tutalala kwenye mahema. Hospitali iko mbali..."

"Nimekuuliza kuhusu hospitali?"

Saru akainamisha kichwa. Machozi yalikuja na hakuyazuia, maana alijua kwamba baridi na hospitali vilikuwa kweli, lakini havikuwa kweli yote. Ilikuwa rahisi zaidi kumjazia mama ghala kuliko kumwuliza na kusikia hapana. Ilikuwa rahisi hata kuliko kusikia ndiyo, kisha kumtazama akizeeka kwenye hema kwa sababu yake. Alimpenda, na pendo hilo alikuwa ameligeuza kuwa magunia.

"Twende wote, Mama," alisema. "Nakuomba. Nilipaswa kukuomba zamani."

Mama Wakesho alipakua kimanga, akaweka sahani mbili, akakaa mkabala naye. Alikula matonge mawili kwanza.

"Nieleze hiyo sindano," alisema. "Vizuri, si kama unavyowaeleza wageni."

Kwa hiyo Saru akamweleza. Akaanza na mdomo wa hondohondo, na vitone, na mahame, na akina mama waliochagua mbegu nene mpaka ndege akashindwa. Mama Wakesho alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, kicheko cha kweli.

"Hata mimi," alisema. "Nilizunguka fighi siku nzima, kitovu cha Wakesho kimeanguka jana yake, mgongo unaniuma, mpaka nikapata moja ya kubebwa kwa mikono miwili. Nilijiona nimeshinda wanawake wote wa Wundanyi. Kumbe tulikuwa tunawalisha mpaka wanashindwa kutembea."

"Mlikuwa mnawapenda."

"Sijasema hatukuwapenda." Alikwangua sahani. "Hivyo vidogo, mtakavyovitupa kwenye upepo. Vitakufa?"

Saru angeweza kulainisha. Hakulainisha. "Karibu vyote. Vingine vitaangukia mawe, vingine maji, vingine kivuli. Havina akiba hata ya juma moja. Ila mti utatoa laki kwa laki, na kimoja kimoja kitashika. Tena hicho kitakachoshika hakitakuwa kama mizighe ya hapa. Kitaishi juani. Hakitajua kungoja. Wala hakitahitaji mama wa kukipanda."

"Na tukiuacha mti ulivyo?"

"Utatoa nene chache, mara hii moja. Hazitakufa upesi. Zitakaa kivulini na majani mawili, zikingoja. Ila kivuli chenyewe kinakwisha, Mama. Zitangoja mpaka msitu uziishie juu ya vichwa. Ningeweza kuzibeba, lakini kule hakuna mti wa kuzifunika."

Mama Wakesho akasukuma sahani pembeni. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Unajua unachoniomba? Kichache kilichoshiba kife nyumbani, au vingi visivyo na kitu vifie njiani ili kimoja kifike. Unamwuliza hayo mwanamke aliyemfungashia mtoto kila kitu."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka niamue mwenyewe nisikuulize."

"Na ukaona faida yake." Aliunyoosha mkono, akamfuta Saru chozi kwa kiganja chenye harufu ya maharage. "Wakesho alishiba. Sikumnyima ziwa, sikumnyima joto, sikumnyima dawa. Hakupungukiwa chochote, na hakufika popote. Wewe ulizaliwa mwaka wa njaa, maziwa yalikauka mwezi wa pili, nikakulea kwa uji wa mtama na kuomba Mungu. Tazama ulivyokwenda mbali. Sisemi njaa ni nzuri. Nasema sikujua ni yupi nimfungashie nini. Hakuna mama anayejua. Kila mmoja hubahatisha."

Nje jua lilikuwa limepanda, na bati la paa likaanza kulia kwa joto.

"Sasa hasira imekwenda wapi?" Saru aliuliza.

"Ipo bado kidogo. Nipe mpaka nioshe vyombo."

*

Walirudi fighi mchana huohuo, kabla maua hayajapata wazo la kufunguka. Mwadime aliitwa akaja mbio, kikasha mkononi, bila mzaha hata mmoja. Mama Wakesho alichukua funda la maji ya muwa, na mara hii halikukaa mdomoni. Lilitoka kwa manyunyu, likang'aa juani, likaangukia mizizi.

"Nilikupanda ukae," aliuambia mti. "Ulikaa. Sasa toa watoto waende. Wakipata ufa washike, wakikosa wasinilaumu. Sina neno na mtu."

Mwadime akaweka ncha ya chombo chake kwenye gome, chini ya lile sikio, akamtazama Mama Wakesho. Yeye akaweka kiganja juu ya mkono wake, wakasukuma pamoja. Haikuchukua muda. Kichupa kikabaki kitupu. Mti haukuonyesha lolote, ila Mwadime aliinamia kipokezi cha sikio, akasikiliza, na akasema maji yanaipandisha dawa.

Saru alikuwa ameinama chini ya mti. Aliokota mbegu moja katika zile nene za mwisho, akaipangusa udongo kwa ukingo wa shati. Ilikuwa nzito, ya baridi, imejaa kila kitu.

"Hii moja nitaibeba," alisema. "Nitaifunga kwa kuvumwani mbichi. Nikifika nitaitundikia kitambaa cheusi, niishindie hapohapo ikibidi. Moja haiwezi kunishinda."

Mama yake akaja, akaipokea kwa mikono yote miwili. Aliishika kitambo, kama mtu anayemshika mtoto aliyelala, asiyetaka kumwamsha. Kisha akapiga magoti, koti la mvua likatandaa pembeni yake, akachimba kwa vidole karibu na shina, akaizika.

"Mama, hapa itakufa. Unajua."

"Najua." Alisawazisha udongo juu yake, akaupigapiga. "Lakini tangu nimlete hapa, Wakesho hajawahi kukaa peke yake hata siku moja."

Mama Wakesho alibaki amepiga magoti, kiganja juu ya udongo, mpaka Mwadime akageuka akajifanya anafunga kikasha. Ndipo mama aliponyoosha mkono wa pili juu, bila kutazama, akijua Saru ataupokea.

"Haya, niinue," alisema. "Umeniita mwenyewe. Usije ukasema natembea polepole."